Istilahi za nyumba za mfano zinazokatwa kwa leza: kutoka mchoro hadi gundi

Karatasi ya maelekezo inayoambatana na seti ya kuunda nyumba ndogo ya mbao huonekana kuwa kazi nyepesi kwa mtafsiri. Sentensi zake ni fupi, vitenzi ni vya kuamrisha, na picha zipo. Hata hivyo, kazi hii haisamehe kosa. Msomaji wa riwaya akikuta neno lisilofaa huendelea kusoma. Fundi akikuta *kata* mahali palipostahili *tia nakshi*, huishia na mlango uliotobolewa, na ubao ukishakatwa haurudi.

Makala haya yanaeleza jinsi seti hizo zinavyobuniwa na kuundwa, na papo hapo yanapima maneno ya Kiswahili yanayofaa katika kila hatua. Mfano utakaotuongoza ni nyumba ya mawe ya Lamu. Tumeichagua kwa kuwa msamiati wa sehemu zake ulizaliwa ndani ya Kiswahili, na kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana vya kutosha kuonyesha hesabu inayomkabili mbunifu.

Mwanasesere, kijumba, au mfano?

*Mwanasesere* ni sanamu ndogo ya mtu anayochezea mtoto. Wengine husema *mtoto wa bandia*. Kwa hiyo *nyumba ya mwanasesere* humwambia msomaji mambo mawili kwa pamoja: kwamba nyumba ni ndogo, na kwamba ni ya kuchezea. Jambo la pili si kweli daima. Nyumba aliyoiagiza Albrecht V, mtawala wa Bavaria, katika miaka ya 1557 na 1558 ilikuwa ya kuonyesha fahari yake. Nyumba ya Petronella Oortman, iliyoanza kutengenezwa mnamo 1686 na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam, ilikuwa kabati la thamani la mtu mzima. Nyumba ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kuundwa kati ya 1921 na 1924, imo katika Kasri la Windsor nayo ina umeme na mabomba yanayotoa maji. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyowekwa sakafuni ili mtoto aichezee.

Neno *kijumba* lina faida ya ufupi, lakini kiambishi *ki-* cha udogo hubeba pia dharau. Anayesema *kijumba chake* huenda anazungumzia umaskini wa mwenye nyumba na si kipimo. Neno *mfano* hutumiwa na wasanifu majengo wanapowaonyesha wateja jengo ambalo halijajengwa, ila lina maana ya pili inayogongana nalo: *huu ni mfano wa nyumba* yaweza kueleweka kuwa nyumba moja miongoni mwa nyingi. Utata huo huondoka tukigeuza mpangilio na kusema *nyumba ya mfano*, au tukiongeza kipimo: *mfano wa nyumba wa skeli ya 1:24*.

Pendekezo letu ni hili. Tumia *nyumba ya mwanasesere* pale ambapo mlengwa ni mtoto, na *nyumba ya mfano* pale ambapo mlengwa ni mkusanyaji, mwanafunzi au msanifu. Mkusanyiko wa vipande, maelekezo na viungo vyote uitwe *seti* (i-/zi-). *Kifurushi* ni kile kinachofungwa na kupelekwa posta. Seti hubaki kuwa seti hata baada ya kifurushi kufunguliwa.

Kata, chanja, tia nakshi

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Miaka minne baadaye Kumar Patel, akiwa Bell Labs, aliunda leza inayotumia gesi ya kabonidayoksaidi. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikrometa 10.6, na mbao huufyonza vizuri. Ndiyo maana mashine nyingi za kukatia mbao ni za aina hiyo. Neno *leza* limekwisha kukaa katika Kiswahili, nalo hufuata ngeli ya i-/zi-: *leza hii, leza hizi*. Kinachotoka katika leza ni *mwale* (u-/i-, wingi: *miale*). Neno *mionzi* lina maana pana zaidi, nalo humkumbusha msomaji hospitali. Katika maelekezo ya karakana, *mwale* ni bora.

Mbunifu huchora vipande vyote katika programu ya kompyuta, kisha huipa mistari rangi tofauti ili mashine itambue la kufanya. Karakana nyingi hutumia nyekundu kwa mistari ya kukatwa na nyeusi kwa sehemu za nakshi, ingawa kila mashine ina mpangilio wake. Hapa ndipo kitenzi *chora* kinapoleta matatizo. Kwa asili kina maana ya kupiga picha kwa kalamu na pia ya kuchimba alama juu ya mti au jiwe. Katika karatasi moja ya maelekezo, *chora dirisha* yaweza kuwa kazi ya mezani mbele ya kompyuta, au kazi ya mashine juu ya ubao. Tunashauri vitendo vinne vitenganishwe hivi:

*Chora*: kuweka mistari katika programu au karatasi. Neno lisivuke mpaka huo.

*Kata*: mwale kupenya ubao mpaka upande wa pili, kipande kikatoka.

*Chanja juujuu*: mwale kuacha mstari mwembamba usiopenya. Neno *juujuu* lisiachwe, kwa sababu *chanja* peke yake ni kitenzi cha kuni, na kuni huchanjwa mpaka zipasuke.

*Tia nakshi*: mwale kuunguza uso wa ubao kwa eneo, ukaacha maua, maandishi au kivuli.

Kitenzi *chonga* tumekiacha nje kwa makusudi. Kuchonga ni kazi ya patasi na shoka, na humpa msomaji picha ya mkono wa fundi. Anayeandika kuwa leza *imechonga* mlango wa Lamu anaufuta ujuzi wa wachongaji walioutengeneza mlango halisi.

Mpangilio wa kazi nao una sababu yake. Nakshi hutangulia, matundu ya ndani hufuata, na ukingo wa nje hukatwa mwisho. Kipande kikishakatwa ukingo huweza kusogea au kuanguka chini ya meza ya mashine, na nakshi itakayotiwa baadaye itaangukia mahali pasipo pake.

Skeli na hesabu yake

*Skeli* ni uwiano kati ya kipimo cha mfano na kipimo cha kitu halisi. Skeli iliyozoeleka zaidi katika nyumba za wanasesere ni 1:12, iliyotokana na vipimo vya Kiingereza: inchi 1 husimama badala ya futi 1. Zipo pia 1:24 na 1:48. Husomwa *moja kwa kumi na mbili*, si *moja gawanya kumi na mbili*.

Mtego wa kwanza wa mtafsiri ni kivumishi. *Skeli kubwa* ni ile inayotoa mfano mkubwa. Kwa hiyo 1:12 ni kubwa kuliko 1:48, ijapokuwa 48 ni namba kubwa kuliko 12. Pale ambapo kuna shaka, andika namba badala ya kivumishi.

Sasa tuitazame nyumba ya Lamu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Tukichukua chumba chenye upana wa mita 2.7, yaani milimita 2,700, katika skeli ya 1:12 tutapata milimita 225; katika 1:24, milimita 112.5, katika 1:48, milimita 56.25.

Ukuta ndio unaomtatiza mbunifu. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene. Tukikadiria ukuta wa sentimita 50, katika skeli ya 1:24 unapaswa kuwa na unene wa karibu milimita 20.8. Ubao wa kawaida wa seti hizi una milimita 3, ambazo katika skeli hiyo ni sawa na ukuta halisi wa milimita 72 tu. Nyumba itakayoundwa kwa ubao mmoja mmoja itakuwa na sura ya Lamu na wembamba wa sanduku. Suluhisho ni kutumia mbao mbili kwa kila ukuta, zikitenganishwa na nafasi ya milimita 14.8. Nafasi hiyo haipotei bure: ndimo vidaka vinamoingia, kama vile katika nyumba halisi vinavyoingia katika kina cha ukuta.

Kutokana na hesabu hii tunaona ulazima wa kutofautisha *unene*, *upana* na *kina*. *Unene* ni wa ubao au ukuta, kutoka uso hadi uso. *Upana* ni wa chumba, mlango au dirisha. *Kina* ni cha kitu chenye uwazi, kama kidaka. Karatasi inayosema *upana wa ukuta* huku ikikusudia unene humfanya fundi akate kipande cha milimita 20.8 mahali pa kipande cha milimita 112.5.

Ulimi, tundu, na kile ambacho mwale hula

Vipande vya seti hushikana kwa *ulimi* na *tundu*. *Ulimi* (u-/zi-, wingi: *ndimi*) ni sehemu ya ubao iliyochomoza ukingoni. *Tundu* (li-/ya-) ni uwazi unaoupokea. Maneno haya mawili yanatosha. Hayahitaji kubuniwa mengine. Tahadhari moja tu: *tundu la ufunguo* na *tundu la dirisha* yamo pia katika nyumba hiyo hiyo, hivyo andika *tundu la ulimi* pale utata unapoweza kutokea.

Kitendo cha kuuingiza ulimi tunakiita *kuchomeka*, na kuutoa ni *kuchomoa*. *Kupachika* ni kukiweka kitu mahali pake kikakaa, hata kama hakiingii katika tundu, bawaba hupachikwa. *Kubandika* ni kukigandisha kitu juu ya uso wa kingine. Karatasi ya ukutani hubandikwa. Msomaji aliyeambiwa *bandika ukuta juu ya sakafu* ataulaza ukuta.

Mwale wa leza si mstari usio na upana. Kila unapopita hula sehemu ya ubao na kuigeuza moshi na masizi. Sehemu hiyo tunaiita *upana wa mkato*. Tuseme ni milimita 0.2, na kwamba mwale hupita katikati ya mstari uliochorwa. Ulimi uliochorwa kwa milimita 20 utatoka na milimita 19.8, kwa kuwa umeliwa 0.1 kila upande. Tundu lililochorwa kwa milimita 20 litatoka na 20.2. Kati yao kutakuwa na mwanya wa milimita 0.4, na nyumba itayumba. Ili vitoshane, ulimi huchorwa kwa 20.2 na tundu kwa 19.8, vyote viwili hutoka na 20 kamili.

Unene wa ubao nao ni lazima upimwe kwa kifaa, usisomwe katika lebo. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 3 yaweza kuwa na 2.8. Tundu la kuupokea ubao huo, kwa upana wa mkato ule ule, litachorwa kwa milimita 2.6. Kwa sababu hiyo wabunifu makini hukata kwanza *kipande cha majaribio* chenye matundu kadhaa yanayotofautiana kidogo, wakachagua linaloshika bila kulazimishwa.

Ubao, mbao na nyuzi

*Ubao* ni umoja na *mbao* ni wingi: *ubao huu, mbao hizi*. Katika mazungumzo wengi husema *mbao hii*, wakimaanisha kipande kimoja au mali ghafi yenyewe. Katika maelekezo, ambapo idadi ni sehemu ya maana, umoja uhifadhiwe. *Chukua mbao* humwacha msomaji akiuliza ngapi.

*Plaiwudi* ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa, *nyuzi* za kila tabaka zikivuka nyuzi za tabaka la jirani. Mpangilio huo huuzuia ubao kutanuka na kusinyaa kwa kiasi kikubwa unyevu unapobadilika, jambo ambalo ubao wa kawaida haulikwepi. Hata hivyo, ulimi mwembamba hukatika kwa urahisi pale ambapo nyuzi za tabaka la nje zinaukata njia. Ndiyo sababu maelekezo husema *zingatia uelekeo wa nyuzi*. Neno *nyuzi* (umoja: *uzi*) linaeleweka na mafundi, *mistari ya mbao* halifai, kwani mistari ni ile iliyochorwa.

Majina ya sehemu za nyumba

Kipande kimoja katika nyumba ya ghorofa kina majina mawili. Anayekaa chini hukiita *dari*. Anayekaa juu hukiita *sakafu*. Maelekezo yanayokitaja mara moja kwa jina hili na mara nyingine kwa lile huwafanya wasomaji watafute kipande kisichokuwepo. Chagua jina moja, kisha lifungamanishe na alama iliyotiwa kwenye ubao: *sakafu ya juu (B4)*. *Paa* ni kifuniko cha nyumba nzima, na ngeli yake ni li-/ya-: *paa hili*. Anayeandika *paa huyu* amemwita mnyama.

Mlango una *kizingiti* cha juu na cha chini, nacho ni lazima kitajwe ni kipi. Una *miimo* pande mbili (umoja: *mwimo*), na mlango wa nakshi wenye mbao mbili una *mfaa*, nguzo ya katikati ambapo mbao hizo hukutana. Wanafunzi wengi wameyasoma maneno haya bila kuyaona. Nyumba ya mfano huyaweka mkononi.

Mtego mkubwa zaidi ni wa lahaja. Katika nyumba ya Lamu, *kiwanda* ni ua wa ndani ulio wazi juu. Katika Kiswahili sanifu, *kiwanda* ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Vivyo hivyo *daka* la Lamu ni baraza ya mlangoni, lakini msomaji wa kamusi atalielewa kuwa shubaka la ukutani. Mtafsiri asiyafute maneno ya Kiamu, kwa kuwa ndiyo majina ya kweli ya sehemu hizo. Ayaeleze mara moja, mwanzoni, na ayaandike kwenye vipande kama wenyewe wanavyoyasema.

Sarufi ya maelekezo

Ngeli za Kiswahili ni msaada mkubwa kwa anayeandika maelekezo. Linganisha sentensi hizi:

*Chukua ukuta na sakafu, kisha uupake gundi.*

*Chukua ukuta na sakafu, kisha uipake gundi.*

Herufi moja imeamua ni kipande kipi kinachopakwa: *-u-* ni ukuta, *-i-* ni sakafu. Mtafsiri anayeacha kiambishi cha mtendwa kwa kudhani ni pambo anaitupa taarifa ambayo lugha imempa bure. Lakini vipande viwili vikiwa vya ngeli moja, kiambishi hakitoshi. Hapo rudia jina.

Mfuatano wa vitendo nao una umbo lake. Kiswahili husema *kabla hujapaka gundi, chomeka vipande vyote vikavu*. Umbo la *-ja-* lililo kanushi ndilo la kawaida baada ya *kabla*, ingawa *kabla ya kupaka* pia ni sahihi. *Kabla umepaka* si sahihi.

Vilevile, *gundi ikikauka* yaweza kumaanisha "iwapo itakauka", na msomaji akaona hatari mahali ambapo palikusudiwa subira. *Gundi ikishakauka* haina shaka hiyo. Na muda utajwe wazi: *acha kwa muda wa saa 2*. *Acha mpaka saa 2* humfanya msomaji aitazame saa ya ukutani.

Onyo na tahadhari

*Onyo* hutaja hatari yenyewe. *Tahadhari* hueleza namna ya kujikinga nayo. Katika kazi hii maonyo mawili hayapaswi kukosekana. La kwanza: mbao hushika moto, kwa hiyo mashine ya leza isiachwe ikifanya kazi bila mtu. La pili: plastiki ya PVC isikatwe kwa leza kamwe, maana hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kuila mashine. Hapa hakuna nafasi ya lugha ya heshima. *Inashauriwa kutokata* ni nasaha. *Usikate* ni onyo.

Kielelezo cha maelekezo

Tuyaunganishe yote katika hatua chache, kwa chumba kimoja cha nyumba yetu:

1. Pima unene wa ubao mahali patatu kabla hujaanza kukata.

2. Tia nakshi kwenye mlango (A1), kisha kata matundu ya vidaka, na mwisho kata ukingo wa kila kipande.

3. Futa masizi kwenye kingo kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha msasa laini kwa kufuata nyuzi.

4. Chomeka ndimi za ukuta wa ndani (A2) katika matundu ya sakafu ya chini (B1) bila gundi. Ulimi usipoingia, usiugonge, upige msasa.

5. Vipande vikishatoshana, chomoa ukuta, uupake gundi nyeupe ya mbao kwenye ndimi, kisha uuchomeke tena.

6. Hakikisha kwa guni kwamba ukuta na sakafu vimekutana kwa pembe ya digrii 90. Gundi ikishakauka, pembe hairekebishiki.

7. Pachika kidaka (C1) katika tundu lake kabla hujaufunika ukuta kwa ubao wa nje (A3).

Mwalimu anaweza kuitumia orodha hii darasani kwa kubadili kiambishi kimoja au kitenzi kimoja katika kila hatua, kisha kuwauliza wanafunzi ni nini kitakachoharibika. Katika hatua ya 5, kwa mfano, *uupake* ikigeuzwa kuwa *uipake*, gundi itahamia sakafuni na ndimi zitaingia kavu.